Dikteta wa siku 16: jinsi fadhila za Kirumi zilivyowafikia watawala wa nyakati za baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba George Washington aliitwa Cincinnatus wa Marekani. Wameniuliza Cincinnatus alikuwa nani, na kama viongozi wa namna hiyo waliziamini kweli fadhila za Warumi wa kale au walizitumia kama pambo tu. Mmoja wao akataka kujua kama Mwalimu Nyerere naye aliathiriwa na Roma, kwa kuwa alitafsiri habari za Kaizari. Niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, kati ya maswali hayo matatu lile la katikati ndilo gumu zaidi, kwa sababu linachukulia kwamba imani na pambo haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Mimi naona vilikaa, tena tangu Roma yenyewe, na kwamba tofauti kubwa kati ya kiongozi mmoja na mwingine ilitokana na jambo jingine: je, fadhila ilikuwa kipimo anachopimwa nacho yeye, au rungu la kuwapigia wengine?

Tuanze na neno. Tunapotafsiri virtus kwa "fadhila" tunalipunguzia ukali. Neno hilo limetokana na vir, yaani mwanamume, na maana yake ya awali ilikuwa ushujaa wa mwanamume huru, hasa vitani. Polepole likaja kubeba pia uthabiti, kujizuia na kuitanguliza nchi mbele ya nafsi. Liliandamana na maneno mengine kama pietas, wajibu wa mtu kwa miungu, wazazi na nchi yake. Fides, uaminifu kwa neno ulilolitoa. Na gravitas, uzito wa mwenendo usioyumba. Msemaji wa Kiswahili atalielewa vizuri akilikumbuka neno "uungwana". Katika miji ya pwani muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, na hadhi hiyo ya kuzaliwa ndiyo iliyogeuka taratibu kuwa sifa ya tabia, hata leo tunasema muungwana ni kitendo. Virtus ilipita njia hiyo hiyo, na haikuisahau kabisa asili yake, kwa kuwa mara nyingi nyuma ya mwenye virtus alikuwapo mtumwa aliyemlimia. Jambo hilo tutalikuta tena tukifika Virginia, nyumbani kwa Washington.

Lucius Quinctius Cincinnatus alikuwa mtu wa ukoo mkubwa aliyefilisika. Masimulizi ya Kirumi, hasa ya mwanahistoria Livius, yanasema kwamba mwaka 458 KK kabila la Waequi lililizingira jeshi la Minucius, konsuli, yaani mmoja wa watawala wawili wa mwaka huo, karibu na mlima Algidus, na Seneti, baraza la wakuu wa Roma, ikaamua kumteua dikteta. Kwetu neno hilo ni tusi. Kwa Warumi wa wakati ule lilikuwa jina la cheo halali, kilichotolewa kwa mtu mmoja ili kuikabili hatari moja, na ukomo wake ulikuwa miezi sita. Wajumbe walimkuta Cincinnatus ng'ambo ya mto Tiber, katika shamba la kiasi cha ekari mbili na nusu, akilima. Wakamwomba avae joho lake ili asikilize agizo la Seneti kwa heshima inayostahili. Akamwita mkewe Racilia amletee joho kutoka kibandani, akajipangusa jasho na vumbi, ndipo wakamwamkia kwa cheo chake kipya. Akakusanya jeshi, akawazunguka waliozunguka, akashinda, na siku ya 16 akakirudisha cheo alichokuwa na haki ya kukikalia kwa miezi sita.

Hadithi imeishia hapo katika vitabu vingi vya shule, lakini Livius hakuishia hapo, na wanafunzi wa kidato cha sita wanastahili kuisikia iliyobaki. Cincinnatus alikuwa maskini kwa sababu mwanawe Caeso, kijana mwenye nguvu na kiburi aliyewaongoza wenzake wa koo kubwa kuwafukuza barazani watetezi wa makabwela, alishtakiwa, akapewa dhamana, akatoroka. Baba akauza mali ili kulipa dhamana ile. Na dikteta wetu angejiuzulu mapema zaidi ya siku 16, anasema Livius, isipokuwa alisubiri kwanza shahidi aliyetoa ushahidi dhidi ya Caeso ahukumiwe kwa kosa la kusema uongo. Aliitwa tena uzeeni, mwaka 439 KK, wakati tajiri mmoja aitwaye Maelius alipowagawia maskini nafaka na kutuhumiwa kwamba anautaka ufalme. Maelius aliuawa na msaidizi wa Cincinnatus bila kufikishwa mahakamani, na mzee akamsifu muuaji. Huyu, kwa hiyo, hakuwa mkulima mnyenyekevu asiye na upande. Alikuwa mtu wa tabaka la juu, mpinzani wa madai ya makabwela, ambaye hata hivyo alikuwa na sifa moja iliyo adimu, ya kutoung'ang'ania uongozi.

Ni sifa hiyo moja iliyochujwa na kusafirishwa. Livius mwenyewe aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, na katika utangulizi wa kazi yake alieleza kwamba faida ya historia ni kumwekea msomaji mifano ya kuiga na mifano ya kuepuka. Warumi walifundisha maadili kwa namna hiyo, kwa visa vya watu wenye majina, badala ya kanuni tupu, kama bibi anavyomfundisha mjukuu kwa ngano. Mfano hauhitaji kuwa kweli yote ili ufanye kazi, unahitaji kukumbukwa. Karne nyingi baadaye, Kilatini kilipokuwa ndio mlango wa elimu katika shule za Ulaya na za makoloni ya Amerika, vijana waliokusudiwa kuwa mawakili, wachungaji na wabunge waliikariri mifano hiyo kwa Livius, kwa Cicero, na kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika wasifu wa wakuu wa Ugiriki na Roma wakiwa wawili wawili. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, kwa mfano, alimtazama Cicero maisha yake yote kama kioo: wakili asiye na ukoo mkubwa, aliyepanda kwa ufasaha wake na kuitetea jamhuri.

Washington hakuwa mmoja wa wasomi hao. Baba yake alifariki mwaka 1743, yeye akiwa na miaka 11, hakwenda chuoni, na hakujua Kilatini. Roma ilimfikia kwa njia ya jukwaa. Mwaka 1713 mwandishi Mwingereza Joseph Addison alikuwa ameonyesha London mchezo wa kuigiza kuhusu Cato Mdogo, seneta aliyempinga Julius Caesar hadi mwisho na kujiua mjini Utica, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwaka 46 KK, kuliko kupokea msamaha wa mshindi. Washington aliupenda mchezo huo tangu ujana. Katika barua ya mwaka 1758 kwa mwanamke aliyemvutia alitamani kuigiza sehemu ya Juba, mwanamfalme Mwafrika wa Numidia, mkabala naye. Miaka 20 baadaye, Mei 1778, jeshi aliloliongoza kupigania uhuru dhidi ya Waingereza likiwa limetoka katika majira ya baridi ya kambi ya Valley Forge yaliyoua askari karibu 2,000, wengi wao kwa maradhi, maofisa wake waliuigiza mchezo huo huo kambini, ingawa Bunge la makoloni lilikuwa limeyakemea maonyesho ya jukwaani. Mtu haandai mchezo wa namna hiyo katika hali ile kwa ajili ya pambo tu.

Kuna jambo lingine ambalo huwa halitajwi. Desemba 27, 1776, mambo yalipokuwa mabaya, Bunge lilimpa Washington mamlaka ya pekee ya kuajiri askari, kuchukua mahitaji ya jeshi na kuwakamata wasaliti, kwa muda wa miezi sita. Sitasema kwamba wabunge waliunakili muda huo kutoka Roma, lakini wengi wao walikuwa wamesoma shuleni habari za dikteta wa miezi sita, na sidhani kama ulinganifu huo uliwapita.

Mtihani wenyewe ulikuja vita vilipokwisha. Mwanzoni mwa 1783 maofisa waliokuwa kambini Newburgh, New York, walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu, na Bunge, lisilo na uwezo wa kutoza kodi, halikuwa na fedha. Barua isiyo na jina ikazunguka ikiwashawishi wasikubali kuweka silaha chini hadi walipwe. Washington aliingia ukumbini bila kutarajiwa tarehe 15 Machi, siku ile ile ya mwaka ambayo Caesar aliuawa mwaka 44 KK, akasoma hotuba kali ambayo haikuwageuza sana. Kisha akatoa mfukoni barua ya mbunge mmoja, akashindwa kuisoma, akavaa miwani ambayo wengi hawakuwahi kumwona nayo, akaomba radhi kwamba amezeekea katika utumishi wao na sasa anaelekea kupofuka. Maofisa walilia. Njama ikafa. Wapo wanaosema miwani ile ilikuwa maigizo; nami nasema huenda, kwani alikuwa mpenzi wa jukwaa, lakini angeweza kuitumia ile siku kuchukua nchi, naye aliitumia kuwarudisha askari chini ya raia.

Desemba 23 mwaka huo huo, mjini Annapolis, alikabidhi hati yake ya ujemadari kwa Bunge na kuondoka kwenda shambani kwake Mount Vernon. Inasimuliwa kwamba Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alipoambiwa kuwa jemadari huyo anakusudia kurudi nyumbani, alisema kwamba akifanya hivyo atakuwa mtu mkuu kuliko wote duniani. Mchongaji Mfaransa Houdon alimchonga akiwa amesimama kwa mavazi ya wakati wake, huku nyuma yake kukiwa na plau na fimbo zilizofungwa pamoja, alama ya mamlaka ya Kirumi. Sanamu hiyo ingali Richmond, Virginia. Alipoitwa tena, kama Cincinnatus alivyoitwa mara ya pili, alikuwa rais kuanzia 1789, na mwaka 1797 akaondoka baada ya mihula miwili, pasipokuwa na sheria iliyomlazimisha. Desturi hiyo ilidumu hadi Franklin Roosevelt alipochaguliwa kwa muhula wa tatu mwaka 1940. Ndipo ilipoandikwa katika Katiba, mwaka 1951.

Sasa plau ile. Cincinnatus wa hadithi aliishika mwenyewe. Ya Mount Vernon ilishikwa na watumwa. Washington alipofariki mwaka 1799 waliokuwa utumwani katika mashamba hayo walizidi 300, chini ya nusu yao wakiwa mali yake kisheria na waliosalia wengi wakiwa wa urithi wa familia ya mume wa kwanza wa mkewe. Wasia wake uliagiza walio wake waachiliwe, na kwa waasisi wenzake wa Virginia hilo halikuwa jambo dogo, lakini lilikuja baada ya maisha mazima ya kulimiwa. Wenye mashamba wa kusini walikuwa na mazoea ya kuwapa watumwa wao majina kama Cato, Caesar, Pompey na Scipio. Mtu angeweza kupigwa shambani kwa jina la Mrumi yule yule ambaye bwana wake anamsifu sebuleni kwa kupenda uhuru. Ninawasihi msilipite jambo hili haraka darasani, wala msilifanye sababu ya kufuta yote yaliyotangulia. Virtus ilizaliwa katika jamii ya watumwa, na ilijisikia nyumbani katika jamii nyingine ya watumwa.

Waandishi wa Katiba ya Marekani, licha ya mapenzi yao kwa Roma, hawakuitegemea fadhila peke yake. Alexander Hamilton, James Madison na John Jay walipoandika makala 85 za kuitetea Katiba hiyo, walijificha nyuma ya jina la Publius, mmoja wa waasisi wa jamhuri ya Kirumi. Lakini ndani ya makala hizo Madison alisema wazi kwamba kama watu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, na kwamba tamaa ya cheo lazima izuiwe na tamaa ya cheo nyingine. Jina lilikuwa la Kirumi na hoja ilikuwa ya mtu asiyewaamini sana Warumi. Nionavyo mimi, hapo ndipo palipowaokoa.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Robespierre na Camille Desmoulins, waliokuja kuwa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, walisoma pamoja katika chuo cha Louis-le-Grand, Paris, wakilishwa Cicero na Livius chini ya ufalme usiovumilia jamhuri yoyote. Shujaa wao hakuwa Cincinnatus. Alikuwa Lucius Junius Brutus, aliyeongoza kuwafukuza wafalme wa Roma mwaka 509 KK na kisha, akiwa konsuli, akasimamia kuuawa kwa wanawe wawili waliokula njama ya kuwarudisha. Mwaka 1789 mchoraji David alimwonyesha ameketi gizani, maiti za wanawe zikiletwa nyumbani, wanawake wakilia upande wa mwanga, na sanamu ya kichwa chake ikawekwa katika ukumbi wa Bunge la Mapinduzi. Unapomchagua baba huyu kuwa kielelezo, umeshakubali kwamba fadhila hupimwa kwa damu uliyo tayari kuimwaga. Tarehe 5 Februari 1794 Robespierre aliliambia Bunge kwamba nguvu ya serikali ya umma wakati wa mapinduzi ni fadhila pamoja na kitisho: bila fadhila kitisho ni maangamizi, na bila kitisho fadhila haina uwezo. Miezi miwili baadaye Desmoulins, rafiki wa darasani, alikatwa kichwa, na Julai mwaka huo Robespierre mwenyewe akamfuata. Charlotte Corday, aliyemuua Marat, mwanamapinduzi mwenzao Robespierre, mwaka 1793 kwa upande wa pili wa ugomvi, naye alikuwa msomaji wa Plutarch. Kila mmoja alijiona Brutus.

Simón Bolívar, mkombozi wa nchi za Amerika Kusini, nitampitia kwa haraka. Mwaka 1805, akiwa kijana, aliapa juu ya kilima cha Monte Sacro, Roma, ambako makabwela wa kale waliwahi kugoma, kwamba hatapumzika hadi nchi yake iwe huru kutoka kwa Wahispania. Mwaka 1819, huko Angostura, alipendekeza mhimili wa nne wa dola wa kuchunga maadili ya raia, fikra aliyoichota kwa kiasi fulani kwa wasimamizi wa maadili wa Kirumi. Wabunge hawakuupitisha. Mwaka 1828 alijitwalia mamlaka ya kidikteta, na miaka miwili baadaye akajiuzulu, mgonjwa na mwenye uchungu.

Kuhusu pambo, alilianzisha Mrumi. Mwaka 27 KK, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomwacha peke yake kileleni, Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma, alitangaza kwamba ameirudisha jamhuri mikononi mwa Seneti, na Seneti ikamtundikia ngao ya dhahabu iliyoandikwa virtus, huruma, haki na pietas. Lilikuwa tendo la Cincinnatus kwa sura ya nje, isipokuwa majeshi yalibaki yake. Napoleon alimfuata huyo hatua kwa hatua, akawa Konsuli wa Kwanza mwaka 1799, Konsuli wa maisha mwaka 1802 na Kaizari mwaka 1804. Mussolini, dikteta wa Italia, akamfuata vibaya zaidi, naye tunamfahamu upande huu wa dunia, maana aliivamia Ethiopia mwaka 1935 akijitangaza mrithi wa Roma, na nguzo ya mawe ya Aksum aliyoipora ilisimama mjini Roma hadi iliporudishwa mwaka 2005.

Nimalizie na Mwalimu Nyerere, maana hapa wanafunzi wengi huruka haraka kuliko ushahidi. Kuna mnyororo ambao ni wa kweli kabisa. Plutarch aliandika kwa Kigiriki. Jacques Amyot akamtafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akamtoa katika Kifaransa hicho kumweka katika Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akachota humo mchezo wake kuhusu Caesar. Na mwaka 1963 Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, akautoa mchezo huo kwa Kiswahili, kisha akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni kweli pia kwamba Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili akakijenge chama, na kwamba mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari, Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake, naye akarudi Butiama kulima.

Lakini kusema kwamba aliondoka kwa sababu ya Roma ni kuunganisha vitu viwili kwa uzi ambao hatunao mkononi. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa dhati, mwana wa chifu wa Wazanaki, mhitimu wa Edinburgh na mwandishi wa nadharia ya ujamaa, na kila kimoja cha hivyo kinaweza kueleza kustaafu kwake bila msaada wa Cincinnatus. Tena alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990 katika nchi ya chama kimoja, jambo ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulipima kabla ya kumvika joho. Na isitoshe, katika mchezo alioutafsiri hakuna anayekirudisha cheo. Humo yumo Bruto (Marcus Brutus, si yule aliyewafukuza wafalme), mwadilifu kuliko wenzake wote, anayemuua rafiki yake kwa ajili ya jamhuri na kwa tendo hilo hilo anaizika.

Mkiwa na vipindi viwili vya ziada, wape wasome kwa sauti hotuba mbili za mazishini, ya Bruto na ya Antonio, kwa Kiswahili cha Mwalimu, kisha wabishane ni nani kati ya wale wawili aliyesema uongo.